Nani Alipeleka Chakula Msituni?

Wanamuziki wenzangu, mafundi mitambo, na ninyi mliovutwa mkono na marafiki mkajikuta hapa: habari za jioni. Nimeombwa nizungumze kuhusu albamu zinazorekodiwa mafichoni, mbali na watu. Mwenyekiti wa kikao ameninong'oneza kwamba nisivuke dakika ishirini. Nitajitahidi, ingawa fundi mitambo akipewa maikrofoni azungumze yeye, huwa hairudishi upesi.

Naanza na gari.

Mwaka 2020 bendi moja ya Marekani, Big Thief, ilikuwa kwenye milima ya Catskill, jimbo la New York, inarekodi. Walikuwa watu wanne, wanapiga roki ya kujitegemea, hii mnayoiita indi. Umeme ukakatika. Na studio isiyo na umeme ni chumba chenye mazulia tu. Lakini walikuwa na mashine ndogo ya kaseti, ya mikondo minne, yaani inarekodi sauti nne kila moja kivyake, na nje kulikuwa na pikapu. Wakaichomeka mashine kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari, wakakaa barazani, wakapiga. Wimbo waliourekodi unaitwa Certainty, na umo kwenye albamu yao ya 2022. Umeme uliporudi hawakuutupa wimbo ule wakaanza upya.

Kwa nini gari? Kwa sababu kila kijana anayenijia na wazo la "kwenda kujifungia tutengeneze albamu" huja na picha ileile kichwani: kibanda, msitu, theluji, mtu mmoja mwenye ndevu na gitaa lake. Kwenye picha hiyo hakuna gari. Hakuna betri, hakuna mtu wa pili, hakuna sufuria. Nami nasema hivi, mnipinge baadaye mkipenda: mahali pa mbali hapampi mtu nyimbo. Panampa muda usiokatizwa, na muda huo daima kuna mtu mwingine anayeulipia. Ukisikia albamu imetoka porini, uliza nani alipeleka chakula.

Mwenye ndevu tunamjua. Ni Justin Vernon, mwimbaji anayejulikana kwa jina la Bon Iver, mzaliwa wa Eau Claire, Wisconsin. Mwaka 2005 yeye na wenzake wa bendi ya DeYarmond Edison walihamia Raleigh, North Carolina, kutafuta maisha ya muziki. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Wenzake watatu wakaendelea pamoja kwa jina la Megafaun; yeye akabaki na homa ya tezi iliyomfika mpaka kwenye ini, na mapenzi yaliyokwisha. Mwaka 2006 ukielekea mwisho akapakia vitu vyake garini, akarudi kwao, akaenda kukaa kwenye kibanda cha uwindaji cha baba yake, magharibi mwa Wisconsin.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa miti ilikuwepo, na kibanda kilishasimama kabla kijana hajafika.

Alikaa kama miezi mitatu ya baridi kali. Hakwenda kutengeneza albamu, alikwenda kutulia na kujiuguza. Alikata kuni, akawinda, akaangusha kulungu wawili waliomlisha kwa siku nyingi. Baba yake alikuwa akipita na mahitaji. Sentensi hiyo ya mwisho, ndugu zangu, ndiyo inayorukwa kila hadithi hii inaposimuliwa.

Vifaa vyake msivionee wivu. Maikrofoni ya Shure SM57, ileile mnayoifunga mbele ya dramu ya snea kila wikendi. Gitaa la zamani aina ya Silvertone. Kompyuta na programu ya kurekodia, Pro Tools. Humu ndani kuna watu wana zaidi ya hivyo kitandani.

Kinachonivutia mimi ni namna alivyopata maneno. Aliimba kwanza sauti tupu, zisizo na neno lolote, akazirekodi. Akaweka sauti juu ya sauti, mpaka kibandani pakawa na kwaya ya mtu mmoja. Kisha akakaa kuisikiliza, akaandika maneno kwa kufuata silabi alizokuwa akizisikia mle. Washairi mliomo mnalijua jambo hili. Kuna siku mizani inatangulia neno, unabaki unaimumunya mdomoni, unatembea nayo, unalala nayo, mpaka vina vyenyewe vikwambie shairi linahusu nini. Na alikuwa ameiacha sauti nene aliyoizoea kwenye bendi. Aliimba kwa ile nyembamba ya juu, ambayo ukiipanga tabaka sita au nane inaacha kuwa ya mwanamume au mwanamke, inakuwa kitu kama upepo kwenye nyaya.

Sasa nambieni. Kwenye studio ya kulipia kwa saa, nani atakaa saa nne anamumunya silabi huku mita inasoma? Prodyuza gani atamvumilia? Saa ya pili tu mtu atagonga kioo aulize, "Mashairi yako tayari?" Kazi ile ilihitaji muda ambao unaweza kuupoteza bila mtu kukuuliza umeupeleka wapi. Kibanda kilimpa huo. Msitu wenyewe, miti na theluji, sijui kama uliandika hata mstari mmoja.

Na hata hiyo kwaya ya mtu mmoja si ya mtu mmoja mwanzo mwisho. Albamu yenyewe, For Emma, Forever Ago, ina nyimbo tisa, dakika kama 37, na ule unaobeba jina la Emma una tarumbeta na tromboni. Hazikupigwa na yeye, na hazikupigwa kibandani. Mwaka 2007 alichapa CD kama 500 mwenyewe. Februari 2008 lebo ya Jagjaguwar, yaani kampuni ya kutoa muziki, ikaitoa rasmi Marekani, lebo ya 4AD ikaipokea upande wa Uingereza na Ulaya, kwa jina la Bon Iver, ambalo ni salamu ya Kifaransa ya kutakiana majira mema ya baridi, iliyong'olewa herufi moja.

Likaja swali la jukwaa. Utaimbaje sauti nane kwa mdomo mmoja? Mpiga dramu aitwaye Sean Carey alikuwa amezikariri nyimbo zote kwa kuzisikiliza kwenye intaneti. Akamfuata Vernon siku ya onyesho, akamwambia anaweza kuzipiga na kuziimba. Akawa bendi. Mike Noyce, aliyewahi kufundishwa gitaa na Vernon, naye akaingia. Na hadhira ikapewa kazi: kwenye wimbo mmoja watu wote ukumbini waliombwa waimbe mstari uleule, tena na tena, mpaka zile tabaka zilizokuwa za mtu mmoja kibandani zikawa za watu mia kadhaa. Kwangu mimi hapo ndipo albamu ile ilipomalizika kurekodiwa, ijapokuwa hakukuwa na mashine iliyowashwa.

Halafu angalieni alikwenda wapi baadaye. Hakurudi kibandani. Yeye na ndugu yake walinunua jengo huko Fall Creek, Wisconsin, lililokuwa kliniki ya mifugo, lenye bwawa la kuogelea, wakajenga studio juu ya bwawa hilo. Ndiyo April Base. Ni kama kilomita 5 kutoka nyumba aliyolelewa, na mwenyewe amewahi kusema ni dakika kumi kutoka baa ambako wazazi wake walikutana. Albamu ya pili ilitengenezwa pale, ikatoka 2011, na mwaka 2012 akapewa tuzo mbili za Grammy, moja ikiwa ya msanii bora mpya. Mpya! Miaka mitano baada ya zile CD 500. Mcheke tu, nami nilicheka.

Lakini msiliache hili lipite: mtu mwenye haki kuliko wote ya kusifia kibanda, alipopata uwezo wa kuchagua, alichagua kuwa karibu na kwao.

Nisieleweke kwamba mahali hapana kazi. Mahali pana kazi kubwa, ila kazi yenyewe haina ushairi mwingi. Ni fizikia. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, hewa ikiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Ukuta ulio mita 17 mbele yako unakurudishia sauti yako baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hapo sikio linaanza kusikia vitu viwili, wewe na mwangwi wako. Chumba kidogo cha mbao kilichojaa vitanda na mablanketi kinarudisha kidogo sana, na kinarudisha mapema sana, ndiyo maana mwimbaji wa kibandani anasikika kama ameketi juu ya bega lako. Wala si huzuni inayofanya hivyo, ni blanketi.

Chukueni kinyume chake. My Morning Jacket wa Kentucky, kwenye albamu zao za mwanzo, walirekodi shambani kwa familia ya mmoja wao. Kulikuwa na silo, mnara wa kuhifadhia nafaka, mtupu. Jim James akaingia kuimba humo. Ukuta wa duara, mrefu, mgumu. Sauti inapanda, inazunguka, inashuka imevaa nguo nyingine. Kwa miaka watu waliandika kuhusu sauti ya bendi ile kana kwamba ni siri ya kiroho. Ilikuwa ghala la nafaka. Nami naliheshimu zaidi kwa kuwa ni ghala.

Wazee wa roki walilijua hili zamani. Led Zeppelin, kwenye Headley Grange, nyumba kuukuu ya mashambani huko Hampshire, Uingereza, waliweka dramu chini ya ukumbi wa ngazi, maikrofoni mbili zikaning'inizwa kutoka ghorofa ya juu. Matokeo yake yako kwenye wimbo wa mwisho wa albamu yao ya nne, 1971, na mafundi wenzangu bado wanauiba mdundo ule mpaka leo. (Mashine ya mwangwi ilisaidia pia, ngazi zisipewe sifa zote.) Radiohead mwaka 1996 walikuwa kwenye jumba la zamani karibu na Bath, St Catherine's Court, na Thom Yorke aliimba mojawapo ya nyimbo za albamu ya 1997 akiwa kwenye ngazi za mawe. Ngazi, ngazi, ngazi. Mkienda kukagua nyumba, kabla ya kuangalia mandhari pigeni makofi kwenye ngazi.

Big Thief walifanya jaribio zuri kuliko yote ninayoyajua, sijui kama wao wenyewe waliliona kuwa jaribio. Mwaka 2019 walitoa albamu mbili. Ya kwanza, U.F.O.F., waliirekodi Bear Creek, studio iliyo kwenye miti na mvua za jimbo la Washington. Siku chache baadaye wakaenda Sonic Ranch, huko Tornillo, Texas, karibu na mpaka wa Mexico, jangwani, kwenye joto la kupasua midomo, wakarekodi Two Hands, karibu yote moja kwa moja, bila kuongezea vitu juu. Watu walewale wanne, mwaka uleule. Albamu ya msituni imejaa ukungu na sauti zinazochungulia na kujificha. Ya jangwani ni kavu, unaweza kuhesabu nyuzi. Je, ni jangwa lililofanya hivyo, au ni uamuzi wao wa kutoongezea kitu? Nadhani ni uamuzi. Ila nadhani pia kwamba jangwani uamuzi ule ulikuwa rahisi kuufanya. Ukiwa umechoka kwa joto huna hamu ya kurudia gitaa mara kumi na nne.

Kuna jambo la kuchekesha nililipe dakika moja. Baadhi ya albamu zinazonukia upweke kuliko zote hazikurekodiwa kule zinakodai. Kundi liitwalo The Band lilitoa albamu mwaka 1968 yenye jina la nyumba ya rangi ya waridi ya West Saugerties, New York, Big Pink. Nyimbo nyingi zilitungwa na kufanyiwa mazoezi pale, na kwenye ghala la chini ya nyumba ile mwaka 1967 walirekodi mengi na Bob Dylan. Lakini albamu yenyewe? Studio za kawaida, jijini New York na Los Angeles. Grizzly Bear nao mwaka 2009 waliita albamu yao Veckatimest, jina la kisiwa kidogo cha Massachusetts. Hawakurekodi kisiwani. Walirekodi kwenye jumba huko Catskill na kwenye nyumba ya bibi wa mmoja wao huko Cape Cod. Bibi tena! Mnaona? Baba, familia yenye shamba, bibi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa upande wa pili wa muda. Ndugu wawili, Kingsley na Charles Ward, waligeuza shamba lao la ng'ombe wa maziwa karibu na Monmouth, Wales, kuwa studio, Rockfield, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 bendi zilikuwa zinalala hapohapo. Unakula hapo, unarekodi hapo, ng'ombe wako ng'ambo ya uzio. Oasis walikuja mwaka 1995 wakatengeneza albamu yao ya pili kwa wiki chache. The Stone Roses walikuja na albamu yao ya pili pia. Ya kwanza ilikuwa imetoka 1989. Hii ilitoka mwisho wa 1994, na zaidi ya mwaka mzima kati ya hiyo ulipotelea Rockfield. Shamba lilelile. Kuta zilezile. Wengine muda uliwafungua, wengine uliwameza.

Kwa hiyo kila bendi ikiniambia "tutakaa mpaka tumalize", nawauliza tarehe ya kuondoka. Vernon alikuwa na ukomo: baridi huisha. Big Thief wa mwaka 2020 walijipangia vituo vinne, New York, Topanga kule California, milima ya Colorado, na Tucson, Arizona, kila kituo na fundi wake, na kila kituo kilikuwa na siku ya kufungasha. Ilikuwa miezi mitano kwa jumla, na nyimbo 20 ndizo zilizoingia kwenye albamu. Ukomo uliwafanya wasiendelee kusugua wimbo mmoja mpaka ung'oke rangi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye nyumba ya kurekodia jembe ni kuosha vyombo. Nimewahi kuona bendi nzuri ikigombana siku ya nne, wakasema wametofautiana kuhusu mpangilio wa daraja, kile kipande cha kuvushia, la wimbo wa tatu. Haikuwa daraja, ilikuwa sufuria. Mpiga besi alikuwa ameiosha peke yake tangu siku ya kwanza.

Na kwa kuwa nimeanza kutoboa siri, nimalizie na yangu. Nilikwenda na bendi kwenye nyumba moja ya mbali, siku tisa. Kimya kile kilinilevya. Usiku wa kwanza nilitoka nje nikasema, hapa hakuna hata gari, hapa tutapata usafi ambao mjini haununuliki. Tukarekodi. Tuliporudi nikakaa kuchanganya, nikainua gitaa, nikasikia mvumo. Nikainua sauti ya mwimbaji, mvumo. Kila mkondo, kila wimbo, mvumo mmoja, mtulivu, wa chini, unaoanza na kukoma baada ya dakika kadhaa. Ilikuwa jokofu. Jikoni, mlango wa pili. Mjini nisingelisikia, na lisingenidhuru, kwa sababu lingezama kwenye kelele nyingine. Kule kwenye kimya likawa mwanabendi wa tano.

Niliweza kuutoa mwingi, si wote. Wimbo wa sita bado linaimba.

Tangu siku hiyo nina mazoea. Nikifika mahali, kabla ya kufungua kasha lolote, naweka maikrofoni moja katikati ya chumba, kila mtu anatoka, narekodi dakika tano za hakuna kitu. Halafu navaa spika za masikio, nasikiliza chumba kinasema nini. Mabati yanalia jua likizama. Mbao zinakauka na gitaa linapoteza mlio kwa sababu hiyohiyo. Bomba la maji linapiga chafya. Kuna nyumba tuliyoikataa kwa sababu ya vyura. Kuna nyingine tuliichukua kwa sababu ya vyura hao hao, mwimbaji aliwapenda. Baada ya hapo ndipo tunaongea kuhusu umeme wa akiba, diski mbili za kuhifadhia kazi zisizokaa begi moja, nyuzi za ziada, na nani anapika siku gani. Ratiba ya jikoni naibandika ukutani juu ya ratiba ya nyimbo. Na jina la aliyetuletea chakula linaingia kwenye jalada, herufi sawa na za mpiga gitaa.

Mwenyekiti anatazama saa. Nimeelewa. Basi kabla ya maswali, naomba ndugu yangu aliye karibu na ukuta azime feni ile kidogo. Nimekuja na zile dakika tano za chumba kitupu kutoka nyumba ya jokofu, nilizirekodi siku ya mwisho nilipokuwa sijui kitu bado. Nitawawekea dakika moja tu. Fungeni simu, na atakayelisikia linapoanza ainue mkono.